Kwa wapole mnaoanza kazi ya kusikiliza: moyo hausemi kweli kila siku

Wadogo zangu,

Kila mwaka matokeo ya vyuo yakishatangazwa, Bukavu yetu, mashariki mwa Kongo, hupata kundi jipya la vijana wa staji, yaani mafunzo ya kazini. Mnatoka ISTM, chuo cha ufundi wa afya, mnatoka ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini, mnatoka vyuo vikuu vya hapa mjini, barua mkononi. Wengine mnabaki Kadutu, Bagira au Panzi, wengine mnapanda gari kwenda Walungu, Kabare au Kalehe. Na wengi mnaoletwa upande wetu, kwenye nyumba za kusikiliza ambako tunafanya kazi ya APS, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wanaowapokea watu walioumizwa, mna tabia moja ninayoitambua kabla hamjamaliza kusalimia. Mmetulia. Hamsemi sana mbele za watu. Mtu akilia mbele yenu, machozi yanawalenga na ninyi. Tangu utotoni majirani walikuwa wanakuja kuwaeleza siri zao, na mama zenu walisema: huyu mtoto anaona ndani ya watu.

Kazi hii inawahitaji. Asiyeumia mtu mwingine akiumia atachoka kwetu haraka, au atabaki na kuwaumiza wanaokuja. Lakini kuna jambo ambalo shuleni hawalisemi vya kutosha, na mimi nalisema waziwazi kila staji inapoanza. Ile sauti ya ndani mnayoiamini sana ina mahali inapokosea, na kwa mtu mpole inakosea mahali palepale karibu kila mara. Ikikosea, gharama hulipi wewe. Analipa mama aliyeamka saa kumi usiku akashuka milima kuja kukuona.

Miaka hii wengi mnafika mkiwa na herufi nne za mtihani wa aina za tabia, ule unaoitwa MBTI. Mmejibu maswali kwenye simu, jibu likatoka INFJ au INFP, mkaliweka kwenye status ya WhatsApp, na maelezo yakawaambia kwamba ninyi ni watu wachache, wapole, wenye kipaji cha kuhisi wasiyoyaona wengine. Siwakatazi kuyasoma. Ila mjue yalikotoka. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichapisha maelezo yake juu ya aina za watu mwaka 1921. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliyachukua, wakayaongezea, wakatunga maswali. Mwongozo wa kwanza wa maswali hayo ulitoka mwaka 1962. Yanauliza unapendelea nini: kukaa peke yako au kukaa na wengi, kufuata hoja au kufuata hisia, kushika unachokiona au kushika unachokihisi. Hakuna hata swali moja linalochunguza kama ulichokihisi kilikuwa kweli. Anayependa kuimba hajawa mwimbaji kwa kupenda tu.

Kuna watu waliolipima jambo hilo. Mwaka 2019 Brett Murphy na Scott Lilienfeld walikusanya tafiti zilizolinganisha vitu viwili: jinsi mtu anavyojipa alama mwenyewe katika kuelewa wenzake, na jinsi anavyofaulu akipewa mtihani wa kutambua hisia za watu. Walikuta uhusiano mdogo sana, karibu na kutokuwepo. Yaani kijana anayesema "mimi nawasoma watu" na yule anayesema "mimi siwaelewi watu" wanaweza kukaa kwenye mtihani mmoja wakatoka na alama zinazokaribiana. Nawaomba mlibebe hilo kwa unyenyekevu. Halikuondolei huruma yako. Linakuambia tu kwamba huruma ni kitu kimoja, na kupatia ni kitu kingine.

Mtaniuliza: mbona wazee wa kazi wanahisi na wanapatia? Kweli, wapo. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wazima moto, anasimulia habari za kiongozi mmoja aliyeingia na watu wake katika nyumba iliyokuwa ikiungua upande wa jikoni. Walimwaga maji, moto haukupungua. Kiongozi akahisi kuna kitu hakiko sawa, akaamuru wote watoke, na mara sakafu waliyokuwa wameisimamia ikaporomoka. Kumbe moto wenyewe ulikuwa chini yao, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mwenyewe aliamini kuwa ana kipawa kisicho cha kawaida. Klein alipomhoji polepole, vikaonekana vitu alivyokuwa ameviona bila kujijua: joto lilizidi moto wa jiko, sauti ya moto ilikuwa ndogo mno kwa joto lile, na maji hayakufanya kitu. Nyuma yake kulikuwa na moto mwingi aliokwisha kuuzima.

Mwaka 2009 Klein aliandika makala pamoja na Daniel Kahneman, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, ambaye kwa miaka mingi alikuwa upande wa pili, upande wa kuishuku hisia. Walikubaliana kwamba hisia ya mtu wa kazi inaaminika pakiwa na mambo mawili. Kwanza, kazi yenyewe iwe na dalili zinazojirudia. Pili, mtu awe amepata majibu ya wazi na ya mapema, mara nyingi, akajua hapa nilipatia, hapa nilikosea.

Sasa angalieni kazi yetu. Mkunga wa maternite, wodi ya wazazi, akihisi kuzaa huku hakuendi vizuri, ndani ya saa chache atajua kama alihisi kweli. Amejua hivyo mara mia, mara elfu. Sauti yake imefunzwa. Akisema "mwiteni daktari", ninyi kimbieni. Sisi je? Mama anaingia Jumanne, anazungumza saa nzima, unahisi: huyu amepata nguvu, hatarudi kwenye mateso yale. Anaondoka. Anapanda gari la Kabare. Humwoni tena, au unamwona baada ya miezi minne akiwa na habari nyingine kabisa ambayo hukumbuki uliitabiri vipi. Hakuna aliyekusahihisha. Kijana mwenye kipaji anaweza kukaa miaka mitano hivyo, na sauti yake ikapata ujasiri wa mzee huku ujuzi wake ukibaki wa siku ya kwanza. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko makosa ya wanaoanza, kwa sababu anayeanza bado anauliza.

Nieleze sasa namna inavyokosea, kwa mfano ambao mtaukuta.

Mnajua mafuriko ya Mei 2023 yaliyozoa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, zaidi ya watu 400 wakafa. Mtu wa kule anaweza kuwa amekaa mbele yako anakueleza karo ya shule ya mtoto, vizuri kabisa, mara mvua ikaanza kugonga mabati. Anakatisha maneno. Macho yanakwenda mlangoni. Mikono inashika kitenge. Kijana mpole anayemkabili anahisi hapohapo kwamba kuna kitu kimebadilika kati yao, na anahisi sawasawa, tena mapema kuliko mwingine yeyote ambaye angekaa kwenye kiti kile. Halafu, kabla hajavuta pumzi, sauti inaleta maelezo: nimemkosea, nimeuliza vibaya, ameona mimi ni mtoto, hanitaki. Basi anaanza kuomba radhi. Anapunguza maswali. Anafunga mazungumzo kwa upole mwingi. Yule mama anainuka na kutoka kwenye mvua ileile iliyokuwa inamtisha, na kwenye fishi, karatasi ya kumbukumbu zake, panaandikwa "hakuwa tayari kuzungumza".

Ndivyo inavyokwenda. Sauti yenu ni hodari kusema kuna jambo. Kusema ni jambo gani, hapo haijui zaidi ya jirani yenu. Na kwa sababu ninyi ni watu wa kujichunguza, pengo hilo inalijaza na kitu inachokijua vizuri zaidi: wewe mwenyewe. Ukisikia maelezo ya kwanza yanakuhusu wewe, simama hapo. Mama aliyepoteza nyumba na watoto hana muda wa kukufikiria kiasi hicho. Sema tu ulichokiona kwa macho, kisha uulize: "Mama, naona umenyamaza. Kuna kitu kimekuja moyoni?" Kisha nyamaza na wewe, umwache.

Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili kuna ushahidi mzuri. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio 25 juu ya desturi ambayo wote tumefundishwa, ya kujiweka kwenye nafasi ya mwenzako. Waliojaribu kujiweka kwenye nafasi ya mwingine hawakupata kumjua zaidi. Waliopewa nafasi ya kumuuliza na kusikia jibu lake ndio waliomjua. Lisomeni tena hilo, maana linagusa kiini cha ninyi ni nani. Kujiweka kwenye nafasi ya mtu kunakufanya umsogelee, na kumsogelea ni kuzuri. Lakini aliyekaa kwenye nafasi hiyo sasa ni wewe, na hisia zako, na historia yako.

Hapa Bukavu kuna sababu nyingine ya kutojiamini haraka. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei mkubwa macho. Kijana aliyekulia Kinshasa, akaja kwetu, anaweza kuona msichana wa Walungu ameinamisha uso na moyo wake ukamwambia: anaficha kitu. Hafichi, anakuheshimu. Tena wengi wanaokuja wanaota ndoto zao kwa Mashi, Kihavu, Kitembo, Kifuliiru au Kilega; Kiswahili wanakitumia sokoni na kwetu. Ukiuliza swali gumu, akachelewa kujibu, akajibu kwa neno moja, usikimbilie kusema moyo wake umefungwa. Anatafuta neno. Muulize anapenda kuongea kwa lugha gani, kisha mtafute mwenzetu anayeijua. Nimeona watu ambao kwa Kiswahili walionekana kama mawe, na kwa Mashi wakazungumza mpaka jua likazama.

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo ningependa kila mmoja wenu aikumbuke hata kama atasahau nyingine zote. Ni ile sauti inayosema: usimsumbue.

Mtu mpole anaisikia kila siku. Inakuja na sura ya heshima. Msichana ameletwa na shangazi yake, ameketi amejikunja, hasemi. Sauti inakuambia: leo mpe maji, mpe muda, usimlazimishe, atasema wiki ijayo akikuzoea. Maneno mazuri. Lakini kama msichana huyo amebakwa, dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, zile tunazoziita PEP, zinaanzishwa ndani ya saa 72 na si baada ya hapo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina saa 120. Na ndani ya muda huo, kila saa inayopita inapunguza faida. Ukimpa wiki ya kukuzoea, umemnyang'anya kitu ambacho hakuna mazungumzo yatakayokirudisha. Kwa hiyo unauliza, siku hiyohiyo, kwa sauti ya chini na maneno wazi: "Dada, si lazima unieleze yote leo. Nakuomba uniambie moja tu, kwa sababu kuna dawa zenye muda wake: jambo hili lilitokea lini?" Halazimiki kukusimulia. Hahitaji kumtaja mtu. Akisema "juzi", unajua la kufanya: unamweleza dawa zilipo, na akikubali, unamsindikiza. Ukisubiri moyo wako uhisi kwamba yuko tayari, utasubiri.

Kujiua ni hivyohivyo, pengine zaidi. Mwanaume mzima, baba wa watoto, anakuambia "mimi sasa ni mzigo tu", anatazama chini. Ndani yako kitu kinashtuka. Na palepale sauti inashauri: usilitamke neno hilo, utamtia wazo ambalo hakuwa nalo, utamwaibisha baba mzima. Hapa sauti imekosea, na hili halina ubishi miongoni mwa wanaolichunguza: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Wengi wanapumua, kwa sababu mwishowe kuna mtu aliyeweza kulisikia. Muulize: "Papa, kuna wakati unafikiria kujiua?" Usizungukezunguke ukasema "mawazo mabaya", kwa sababu atajibu "hapana" akimaanisha kitu kingine. Akijibu ndiyo, uliza kama amewaza njia, kama kifaa au dawa hiyo iko nyumbani, nani anakaa naye. Humwachi aende peke yake, na unamwita msimamizi wako wakati huohuo, si jioni.

Mkijichunguza kwa ukweli, mtaona kwamba sauti ya "usimsumbue" mara nyingi inamlinda anayeisikia. Swali gumu linaumiza kulitamka. Jibu lake linaumiza kulisikia. Mtu asiyependa kelele wala mgongano anaumia mara mbili, kwa hiyo moyo wake unatafuta njia ya kutoka na kuipa jina la huruma. Simlaumu mtu kwa hilo. Mwili umeumbwa kujikinga. Ninachowaomba ni hiki: ukisikia sauti inakushauri unyamaze, jiulize nani atapumzika ukinyamaza. Ikiwa ni wewe, uliza swali.

Kuna sauti nyingine, pacha wa hiyo, inayosema: ni mimi tu ninayemwelewa. Inakuja hasa kwa mtu ambaye yaliyompata yanafanana na yako. Kama ulifiwa na baba ukiwa mdogo, yatima atakapokaa mbele yako utahisi unajua kila kitu, utaacha kuuliza, utamjibu majibu uliyoyahitaji wewe wakati ule. Kumbe yeye baba yake alikuwa anampiga, na analia kwa sababu amefarijika na anaona aibu kufarijika. Sauti ya "mimi tu" ndiyo inayowafanya mtoe namba zenu za simu za nyumbani, mpokee simu saa saba za usiku, mtoe hela zenu za usafiri na kurudi nyumbani kwa miguu mkipanda mlima wa Kadutu na njaa. Inawafanya pia msite kumwelekeza mtu kwa mwanasheria, kwa daktari wa akili, kwa mwenzenu mwenye uzoefu, mkiamini kwamba akiondoka kwenu ataharibika. Mtu akikuambia "wewe ndiye pekee unayenielewa", shukuru, na juma hilohilo umjulishe kwa mwenzako mwingine. Awe na milango miwili. Staji yako itakwisha, yeye atabaki Bukavu.

Usiku nao una sauti yake. Umerudi nyumbani, umekula bugali na sambaza, umeme umekatika, umelala unatazama giza, na mazungumzo ya mchana yanaanza upya: nilisema vile, alinitazama vile, kwenye mkutano wa asubuhi shefu hakunijibu, wenzangu wananiona mjinga. Watu wengi wenye haya wanaamini kwamba hapo ndipo wanapoona ukweli, kwa sababu wametulia na hakuna kelele. Si hivyo. Erica Boothby na wenzake walichapisha mwaka 2018 uchunguzi juu ya watu waliozungumza kwa mara ya kwanza. Baada ya mazungumzo kila mmoja aliulizwa amempendaje mwenzake, na anadhani mwenzake amempendaje. Watu walipendwa kuliko walivyodhani. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wenye haya, na kwa wanafunzi waliokaa pamoja bwenini liliendelea kwa miezi. Kwa hiyo hukumu ya usiku juu yako mwenyewe ina mwelekeo unaojulikana: inakushusha. Usiitumie kuamua chochote. Usiandike ujumbe wa kuomba msamaha saa sita za usiku. Kama asubuhi, baada ya chai, bado unaona kuna jambo la kusawazisha na mwenzako, mwendee umwambie uso kwa uso, dakika mbili zinatosha.

Ujumbe wa simu sitausemea sana. Mtu amesoma, alama mbili zimekuwa za buluu, hajajibu. Hapo huna uso, huna sauti, huna mwili wa kusoma. Unachokihisi ni chako chote. Piga simu au subiri.

Uchovu ni habari ndefu zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2007 kikundi cha Matthew Walker kiliwaonyesha picha za kutisha na kuhuzunisha vijana waliokesha na vijana waliolala. Kwa waliokesha, sehemu ya ubongo inayoitwa amygdala, inayopokea vitisho, iliitika zaidi ya asilimia 60 kuliko kwa waliolala. Fikirieni sasa kijana aliyesikia risasi usiku kucha, akaja kazini asubuhi bila kula. Sauti yake siku hiyo itapaza kila kitu: uso uliokunjamana kidogo utaonekana hasira, ukimya utaonekana chuki, hatari itaonekana kila pembe. Siku kama hiyo fanya kazi ya fishi, pokea watu pamoja na mwenzako, fuata utaratibu ulioandikwa hatua kwa hatua hata kama unaujua kwa moyo. Na mwambie msimamizi kwamba hukulala. Si udhaifu. Rubani akichoka husema.

Nimesema mengi ya kuishuku sauti. Kuna mahali ambapo nawaambia kinyume kabisa, na mnisikilize vizuri kwa sababu mnatembea sana. Mwili ukikuambia usipite njia hii, usipite. Ukifika kwenye kona ya barabara, watu waliokuwa wakiuza hawapo, watoto hawachezi, nywele zikasimama, geuka. Ukiingia kwenye nyumba kufanya ziara na kitu kikakuambia toka, toa sababu yoyote ya adabu na utoke. Tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini, hakuna kijana wa mji huu anayehitaji kuelezwa kwa nini. Hapo hesabu ni nyingine: ukikosea, umepoteza nusu saa, usipotii na ikawa kweli, unaweza kupoteza maisha. Huhitaji uhakika wala huhitaji kumweleza mtu. Sauti inayokulinda na risasi tuitii upesi. Inayokulinda na swali gumu ndiyo tuichunguze.

Namna ya kuifunza sauti ipo, ingawa ni ya polepole. Weka daftari ndogo, isiyo na majina wala mitaa wala chochote kitakachomtambulisha mtu, na usitoke nayo kazini. Kila ukihisi jambo juu ya mtu, kabla hujauliza, andika mstari mmoja: nimehisi nini. Chini yake: nimeona nini kwa macho, nimesikia nini kwa masikio. Kama mstari wa pili ni mtupu, ulichonacho ni dhana. Kisha uliza, na uandike jibu alilokupa. Baada ya miezi mitatu soma kuanzia mwanzo. Utaona mahali unapopatia. Kila mmoja wenu ana mahali pake. Kuna anayewasoma watoto kwa usahihi mkubwa na kuwakosea wanaume karibu wote. Kuna anayetambua hofu mara moja na kuchanganya huzuni na hasira. Hilo huwezi kulijua kwa herufi nne, na msimamizi hawezi kulikisia kwa kukutazama.

Daftari hiyo mje nayo kwenye mkutano wa usimamizi. Najua mkutano huo unawachosha, wapole hasa, kwa sababu wanaosema sana wanachukua muda wote. Msiposema, hakuna atakayejua, na kesi zenu zitapita bila jicho la pili. Kama kusema mbele ya kumi ni kugumu, mwandikie msimamizi usiku wa kuamkia mkutano: "Kesho naomba dakika tano, nina kesi moja ambayo nadhani ninaielewa, na nataka mtu aniulize maswali." Chagua ile unayoielewa sana. Ile inayokuchanganya utaileta tu, hilo halina shaka.

Na ikifika siku sauti ikakuambia uache kazi hii, isikilize pia, lakini usiijibu peke yako. Lala kwanza usiku mmoja mzima. Kula. Mwambie mtu mmoja aliyekuona ukifanya kazi, si rafiki wa nyumbani anayekupenda tu, na umuulize ameona nini. Wengine wameulizwa hivyo wakabaki. Wengine walihamia maabara, duka la dawa, ofisi ya takwimu, na wanaifanya kazi hiyo vizuri sana, hakuna aliyewacheka. Barua ya kuomba kuhamishwa inaandikwa mchana, inapelekwa kwa msimamizi mkono kwa mkono, na anapewa muda wa kukuuliza maswali kabla hajaitia sahihi.